Mtundu ni Nani? Historia Fupi ya Watoto Wasiotulia

Kiswahili kina neno ambalo mfasiri akilifikia hulazimika kuweka kalamu chini na kufikiri. Neno hilo ni mtundu. Mama akisema, "Huyu mwanangu ni mtundu," huwa analalamika: mtoto hakai, hasikii, na kila akishikacho hukivunja. Fundi seremala akisema, "Kijana wangu huyu ni mtundu," huwa anasifu: kijana akipewa kipande cha mbao hutoa kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Neno ni lilelile, na mara nyingi mtoto naye ni yuleyule. Lugha yetu haikuona haja ya kuwatenga msumbufu na mbunifu kwa majina mawili. Iliwaweka katika nyumba moja, ikamwachia msikilizaji kazi ya kutambua ni yupi anayezungumzwa.

Kazi hiyo ya kutambua ndiyo iliyowashughulisha matabibu na walimu wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya karne mbili. Mtoto asiyetulia ni mgonjwa, ni mkorofi, au ni mwenye kipawa aliyechoshwa na somo? Si swali la mapambo, kwani jibu likikosewa anayelipa ni mtoto. Mgonjwa akiitwa mkorofi, huchapwa bakora kwa jambo asiloliweza. Mwenye kipawa akiitwa mgonjwa, hupewa dawa isiyomhusu. Na yule aliyejaaliwa yote mawili, kipawa na maradhi, huweza kupotea kabisa, maana kila upande humficha mwenziwe.

Miongoni mwa matabibu wa mwanzo kuliandikia jambo hili ni Alexander Crichton, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1763 na ambaye baadaye alikuwa tabibu wa mfalme wa Urusi. Mwaka 1798 alichapisha kitabu kikubwa juu ya maradhi ya akili, na sura moja akaitenga kwa ajili ya umakini na hitilafu zake. Alieleza kwamba wako watu wanaozaliwa na udhaifu wa kutoweza kuutuliza moyo juu ya jambo moja. Kila sauti na kila kipitacho huwavuta. Udhaifu huo huonekana mapema, humtatiza mtoto katika masomo yake, na kwa bahati njema aghalabu hupungua kadiri umri unavyosonga. Lakini Crichton hakuishia hapo. Alikumbusha pia kwamba kila mwalimu amewaona wanafunzi ambao sarufi ya Kilatini na Kigiriki huwachukiza kwa ukavu wake, hata isiwe bakora wala maneno matamu yatakayowafanya waizingatie. Maneno hayo yanahusu somo lisilopendeza, wala hayahusu ubongo wenye kasoro. Hivyo tangu mwanzo kabisa wa habari hii watoto wawili walikwisha kuonekana: mmoja asiyeweza kuzingatia, na mwengine asiyeona cha kuzingatia.

Nusu karne baadaye watoto hao waliingia katika ushairi. Heinrich Hoffmann alikuwa daktari wa mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, na alikuwa mtunzi. Mwishoni mwa mwaka 1844 alitafuta kitabu cha kumpa zawadi mwanawe wa miaka mitatu, asipate kilichomridhisha. Akanunua daftari tupu, akatunga mashairi na kuyachora picha kwa mkono wake mwenyewe. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1845, likaongezwa mashairi mengine katika matoleo ya miaka iliyofuata, nalo likawa miongoni mwa vitabu vya watoto vilivyosomwa mno duniani. Ndani yake yumo Philipp, mtoto aliyeshindwa kutulia mezani. Baba anamuuliza kama leo ataweza kukaa vyema. Mama ananyamaza na kutazama. Mtoto anabembea na kiti chake mpaka kinapinduka, naye anashika kitambaa cha meza na kuangusha chakula chote. Yumo pia Hans, mwenda skuli aliyekuwa akitembea macho yakiwa juu, akitazama mawingu na mbayuwayu, mpaka siku moja akatumbukia mtoni pamoja na mkoba wake wa vitabu.

Wajerumani mpaka leo humwita mtoto asiyetulia kwa jina la Philipp huyo, na madaktari wengi wa zama zetu wameona katika mashairi haya mawili sura mbili za maradhi ya umakini: mwili usiotulia na moyo unaozurura. Hoffmann mwenyewe, ingawa tangu mwaka 1851 aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji wake, hakuwatunga watoto hawa kuwa wagonjwa. Aliwatunga kuwa mafunzo ya adabu. Nasi wapenzi wa mashairi yafaa tuulize shairi linatuambia nini na linatunyima nini. Linatuonyesha mlo wa siku moja. Halituambii Philipp akoje skuli, akoje akiwa peke yake na mchezo aupendao, wala alianza lini. Halituambii kama Hans alipotazama juu alikuwa amepotewa na fahamu za njia au alikuwa akihesabu mbayuwayu. Huenda alikuwa mgonjwa. Huenda alikuwa mwanafalaki aliyekosa mwalimu. Shairi linaruhusiwa kuishia mezani. Tabibu haruhusiwi.

Mwezi Machi mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mitatu mbele ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu jijini London. Alieleza habari za watoto wapatao 20, wengi wao wavulana, waliokuwa na ghadhabu, uharibifu na kushindwa kuzingatia, ilhali akili zao zilikuwa timamu. Hilo la akili timamu lilikuwa jambo kubwa, kwani kabla yake wengi walidhani mtoto asiyejiweza kitabia lazima awe pia mpungufu wa akili. Hata hivyo Still alilipa tatizo jina la kimaadili. Aliliona kuwa ni upungufu wa kujizuia na maovu. Jina lina nguvu. Ukimwita mtoto mpungufu wa maadili, hata ukiwa daktari, macho yako yatamtafuta mkosaji kabla ya kumtafuta mgonjwa.

Hatua iliyofuata ilitoka Marekani, na ilikuja kwa bahati. Katika hospitali ya watoto ya Bradley, East Providence, jimbo la Rhode Island, daktari Charles Bradley alikuwa akiwafanyia watoto kipimo cha ubongo kilichowaachia maumivu makali ya kichwa. Katika kutafuta nafuu akawapa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, ambayo kwa watu wazima huchangamsha na kufukuza usingizi. Mwaka 1937 aliandika juu ya watoto 30 aliowapa dawa hiyo kwa wiki moja. Kichwa hakikupoa sana, lakini karibu nusu yao walibadilika darasani kwa namna ya kushangaza: walitulia, wakapenda kazi, wakamaliza hesabu zao. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi akatengeneza dawa nyingine ya aina hiyo, akaipa jina la Ritalin kutokana na jina la mkewe, Rita. Iliingia sokoni mwaka 1954.

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo limedumu katika vichwa vya wazazi wengi, nalo ni kudhani kwamba mtoto akipewa dawa akatulia, basi imethibitika alikuwa mgonjwa. Mwaka 1978 daktari Judith Rapoport na wenzake walilijaribu jambo hilo kwa wavulana 14 wasiokuwa na tatizo lolote. Walipopewa amfetamini, nao pia walipunguza mwendo na wakazingatia vizuri zaidi. Dawa haiwezi kuwa shahidi. Inamtuliza mwenye maradhi na asiye nayo, na ushahidi unaowakubali washitakiwa wote hauna kazi mahakamani.

Wakati huo majina yalikuwa yakibadilika. Mwongozo wa chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani ulilitaja tatizo hili mwaka 1968 kwa jina lililotilia mkazo mwendo wa mwili. Mwaka 1980 mkazo ukahamia kwenye umakini, na kwa mara ya kwanza ikakubaliwa kwamba mtoto anaweza kuwa na hitilafu hii bila ya kurukaruka. Mwaka 1987 mambo yote mawili yakaunganishwa katika jina ambalo herufi zake za Kiingereza, ADHD, ndizo zitumikazo hadi leo. Mfasiri hawezi kuyaona mabadiliko haya kuwa ni ya maneno matupu. Lilipotawala jina la mwendo, Philipp alionekana na Hans akasahauliwa. Na akina Hans wengi walikuwa wasichana waliokaa kimya nyuma ya darasa, wakitazama dirishani, bila ya kumsumbua mtu.

Katika miaka hiyohiyo palikuwa na kundi jengine la wataalamu waliokuwa wakitembea njia nyengine, wakiwatafuta watoto wenye vipawa. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kukusanya watoto wa California wenye vipimo vya juu vya akili, wakafika zaidi ya 1,500, akawafuatilia hadi utu uzima. Aliivunja dhana ya kale kwamba mtoto mwenye akili nyingi huwa dhaifu wa mwili na wa tabia. Lakini mlango wa utafiti wake ulikuwa na kizingiti. Watoto wengi waliopimwa walikuwa wametajwa kwanza na walimu wao, na mwalimu aghalabu humtaja anayekaa, anayesikiliza, anayeandika vizuri. Mtundu hakutajwa. Hata kipimo chenyewe kilikosea: wavulana wawili waliopimwa wakaachwa nje, William Shockley na Luis Alvarez, kila mmoja alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, wa kwanza mwaka 1956 na wa pili mwaka 1968.

Aliyeona ndani zaidi ni Leta Hollingworth, mwanasaikolojia wa New York aliyefariki mwaka 1939. Yeye alikaa na watoto hao darasani. Aliandika kwamba katika skuli ya kawaida mtoto mwenye kipimo cha akili cha 140 hupoteza nusu ya wakati wake, na aliyezidi 170 hupoteza takriban wakati wote. Tuyafikirie maneno hayo. Mtoto amekwisha kulielewa somo katika dakika tano za mwanzo, nalo linaendelea kwa dakika arubaini. Afanye nini na hizo zilizobaki? Atatazama nje, atamchokoza mwenzake, atachora pembeni mwa daftari, atamkatiza mwalimu. Kwa anayepita mlangoni na karatasi ya kuhesabu dalili mkononi, huyo hana tofauti na Philipp.

Njia hizi mbili, ya wachunguzi wa maradhi na ya wachunguzi wa vipawa, zilikwenda sambamba kwa miongo mingi bila ya kusalimiana vya kutosha. Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani James Webb na wenzake walichapisha kitabu kizima juu ya watoto wenye vipawa wanaopewa majina ya maradhi wasiyokuwa nayo, na pia juu ya wale ambao kweli wana kipawa na maradhi kwa pamoja. Ikawa wazi kwamba swali halina majibu mawili tu, bali matatu.

Na hapa yapasa tuseme juu ya kosa la upande wa pili, ambalo sisi watu wa sanaa tunalipenda mno. Inasimuliwa habari ya Gillian Lynne, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1926. Mama yake alimpeleka kwa daktari kwa sababu hakutulia skuli. Daktari akafungua redio, akamtoa mama chumbani, wakachungulia na kumkuta mtoto anacheza. Akasema mtoto si mgonjwa, ni mchezaji wa dansi, apelekwe kwenye skuli ya dansi. Lynne ndiye aliyekuja kutunga miondoko ya tamthilia ya muziki ya Cats mwaka 1981. Ken Robinson aliisambaza habari hii kwa hotuba yake ya mwaka 2006, na wazazi wengi duniani wamefarijika nayo. Ni habari nzuri, na ilimfaa Lynne. Lakini haiwezi kuwa kanuni. Kwa kila mtoto mmoja aliyesubiriwa na dansi, wako wengine waliofunguliwa redio nyingi na bado wakashindwa kumaliza hata dansi waipendayo, wakakua wakijidhani wavivu. Hali kadhalika Edison, ambaye mwalimu alimwona mwenye akili iliyovurugika na mama yake akamfundisha nyumbani. Au Leonardo da Vinci, ambaye mwaka 2019 wataalamu wawili waliandika kwamba huenda alikuwa na hitilafu ya umakini kwa vile aliacha kazi nyingi bila ya kuzikamilisha. Wafu hawapimwi. Tukiwageuza kuwa ushahidi, tunawanyima msaada walio hai kwa kuwaambia kwamba maradhi yao ni pambo la fikra kubwa.

Maradhi yenyewe ni ya kweli. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinakadiria kuwa karibu watoto 5 katika kila 100 wanayo. Wala kipawa si kinga. Mwaka 2007 Kevin Antshel na wenzake walichunguza watoto wenye kipimo cha juu cha akili waliokuwa na hitilafu hii, wakawalinganisha na wenye akili sawa wasiokuwa nayo. Wale wa kwanza walirudia madarasa zaidi na walipata taabu zaidi nyumbani na skuli. Mtoto wa namna hii huweza kufaulu miaka ya mwanzo kwa nguvu ya akili peke yake, kisha masomo yakizidi uzito akaanguka ghafla, na watu wakasema amejiachia. Wahenga walinena kuwa akili nyingi huondoa maarifa. Kwa mtoto huyu, akili nyingi huondoa hata huruma ya watu, kwa kuwa kila mmoja humwambia, "Ungetaka ungeweza."

Basi tunatofautisha vipi? Wengi husema: mtazame akiwa na kitu akipendacho, akizingatia, hana maradhi. Kipimo hicho hakitoshi. Mtoto mwenye hitilafu ya umakini naye huweza kuzama katika mchezo aupendao kwa saa nzima asisikie akiitwa. Kinachomshinda ni kuuongoza moyo wake: kuupeleka anapohitaji, na kuurudisha anapotakiwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe nyingi, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, na ziwe zinamharibia mtoto maisha yake. Masharti hayo ni yaleyale ambayo shairi la Hoffmann lilitunyima: wapi, tangu lini, na kwa hasara gani.

Mwenye kipawa aliyechoshwa huwa na mipaka katika utundu wake. Huchachamaa katika somo la hesabu alijualo, akatulia kwa mwalimu anayempa swali gumu. Akiulizwa ghafla huku akitazama dirishani, hurudia alilosema mwalimu na kuongeza lake. Kazi ikipandishwa daraja, utundu hushuka. Mwenye maradhi hana mipaka hiyo: huisahau kalamu skuli, viatu msikitini na ujumbe aliotumwa dukani, huanza kwa hamu jambo alilolichagua mwenyewe, likamponyoka mikononi, naye husikitika. Mwenye yote mawili hung'ara na kuanguka katika siku moja, na huyo ndiye anayehitaji mtaalamu mwenye subira kuliko wote.

Pia yapo mambo ambayo si kipawa wala maradhi, bali ni umri. Mwaka 2018 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya majimbo ya Marekani ambako mtoto huandikishwa skuli kwa kutazama kama alikwisha timiza umri kabla ya tarehe 1 Septemba. Waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kabisa darasani, walitambuliwa kuwa na maradhi haya 85 katika kila 10,000. Waliozaliwa Septemba, wakubwa wa darasa, walikuwa 64. Maradhi haya hayachagui mwezi wa kuzaliwa. Watoto wale walikuwa wamehukumiwa kwa kuwa wadogo.

Kwetu sisi, wataalamu wa afya ya akili ya watoto ni wachache mno, na hatari ya dawa kutolewa ovyo ni ndogo kuliko hatari ya bakora. Lakini tuna jambo la kujivunia na la kujifunzia. Nani hajawaona watoto wa chuoni wakisoma huku wakiyumba mbele na nyuma, na mwalimu asiwakataze, kwa kuwa anajua mwili unausaidia moyo kuhifadhi? Kutulia kwa mwili na kuzingatia kwa moyo havikuwa kitu kimoja kwa walimu wale. Mwalimu wa skuli na mzazi wanaweza kuanza na elimu hiyo. Waandike wanayoyaona kwa muda wa miezi, nyumbani na darasani, asubuhi na jioni, katika kazi nyepesi na katika kazi ngumu. Wampe mtoto swali zito kabla ya kumpa adhabu. Na kama utundu hauna mpaka wala nafuu, wamtafutie tabibu bila ya aibu, hata kama mtoto huyo ndiye wa kwanza darasani.

Neno letu moja, mtundu, lina hekima kwa kuwa halihukumu haraka. Hatari yake ni kwamba linaturuhusu kutohukumu kabisa: tukacheka, tukasema ndivyo alivyo, tukapita. Lugha imefanya kazi yake kwa kuwaweka watoto wote hao nyumba moja. Kuingia ndani na kumjua kila mmoja kwa sura yake ni kazi yetu sisi.